Je, Ajali Haina Kinga? Wajibu wa Mtu Anayetengeneza Kinga ya Jicho la Mwenzake

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu niliambiwa mara nyingi mwaka jana, katika muda wa siku chache tu, na watu walionitakia mema: wanafunzi wenzangu, mama yangu kwenye simu, hata mlinzi wa bweni letu. Walitaka nisijilaumu. Niliupokea kwa shukrani, lakini baadaye ukaanza kunisumbua. Kilichomjeruhi rafiki yangu jichoni ni fimbo iliyopita katika kinga yenyewe. Ilikuwa kofia ya chuma niliyoichora mimi, yenye mwanya wa macho nilioupima mimi. Basi, ikiwa ajali haina kinga, tunatengeneza kinga za nini? Na ikiwa inayo, ni nani mwenye wajibu wa kuipima: anayeitengeneza, anayeivaa, au anayeshika fimbo upande wa pili?

Katika insha hii ninajaribu kujibu swali hilo. Kwanza nitaeleza yaliyotupata. Pili, nitaangalia jinsi watu wa Ulaya ya Zama za Kati, na watu wa leo wanaoiga mapigano yao, walivyoshughulikia tatizo la jicho ndani ya kofia ya chuma. Tatu, nitapima hoja mbili ambazo hutumika kumwondolea mtengenezaji lawama. Msimamo wangu ni kwamba ridhaa ya anayevaa haimwondolei wajibu aliyetengeneza, na kwamba kinga ya jicho haimlindi mvaaji peke yake. Humlinda pia yule anayempiga.

Yaliyotupata ni haya. Kikundi chetu cha wanafunzi wa Kiswahili huandaa tamthilia moja kila mwaka. Mwaka jana tulichagua Makbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na S. S. Mushi na kuchapishwa mwaka 1968. Sehemu ambayo kila mtu aliingojea ni pambano la mwisho kati ya Macbeth na Macduff. Hapa Kampala si rahisi kupata mavazi ya vita ya Ulaya ya kale, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuyatengeneza. Nilitafuta picha kwenye intaneti, nikavutiwa na kofia ya chuma inayofunika kichwa chote, yenye ufa mmoja wa kuonea. Mhadhiri wetu alinikosoa mapema. Alisema Macbeth wa historia alitawala Uskoti kuanzia mwaka 1040 hadi 1057, na wapiganaji wa wakati ule walivaa kofia zilizoacha uso wazi, zikiwa na kipande cha chuma cha kukinga pua tu. Kofia za kufunika uso mzima zilienea baadaye, katika karne ya 13. Nilimjibu kwamba jukwaani kinachotakiwa ni kutisha. Naona sasa kwamba hapo ndipo nilipoanza kujali sura ya kitu kuliko kazi yake.

Tulikwenda Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma, ambako hutengenezwa majiko, mageti na mashine za kusaga. Mzee aliyetusaidia aliwahi kufanya kazi Gikomba, Nairobi, kwa hiyo tuliongea naye Kiswahili. Alikata bati la geji 16, akalikunja juu ya bomba, akalichomelea, akalainisha kiungo kwa grinda. Tulipofika kwenye mwanya wa macho akasimama, akaniuliza:

"Mwanangu, fimbo mtakazopigania zina unene gani?"

"Mzee, usijali. Ni maigizo tu. Kila pigo tumelipanga."

"Sikuuliza mapigo. Nimeuliza unene."

Nilicheka. Fimbo zilikuwa bwenini, chini ya kitanda changu. Zilikuwa mipini ya mifagio yenye kipenyo cha sentimita 2. Nilimwambia mzee akate mwanya wenye kimo cha sentimita 3, kwa sababu rafiki yangu aliyeigiza Macduff alitaka watazamaji wayaone macho yake. Mzee akainua mabega. "Kazi ni yako," akasema, "wewe ndiye unayelipa." Akakata.

Wiki moja kabla ya onyesho, katika mazoezi, yule aliyeigiza Macbeth alichoma fimbo mbele kama tulivyopanga. Ilipaswa kupita juu ya bega la kulia. Macduff aliteleza kidogo, kichwa kikashuka na kuingia katika njia ya fimbo. Ncha ikapita katika mwanya bila kugusa chuma hata kidogo. Tulisikia sauti ndani ya kofia kabla hatujaona damu. Hospitali walimshona nyusi, na kwa wiki tatu aliona ukungu. Leo anaona, na anasoma, lakini mboni ya jicho lake la kushoto haifungi vizuri penye mwanga mkali. Anavaa miwani ya jua darasani, na wasiojua humtania kwamba amekuwa msanii.

Baada ya tukio hilo nilisoma sana kuhusu kofia za chuma. Nilianza kwa kutafuta utetezi wangu, nikaishia kupata kitu kingine.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba tatizo hili ni la zamani kama kofia zenyewe. Fuvu la binadamu limejenga kinga ya jicho: tundu la mfupa lenye upana wa takriban sentimita 4, ambalo kingo zake hupokea pigo la kitu kikubwa kama mpira kabla hakijalifikia jicho lote. Lakini kitu chembamba hupita, na mfupa uliopo kati ya tundu hilo na ubongo ni mwembamba sana. Ndiyo maana kuchomwa jichoni kunaweza kuua. Mpiganaji anahitaji kuona ili aishi, na tundu analoonea ndilo tundu la kumwulia. Hakuna fundi aliyewahi kuliepuka jambo hili. Kila kofia ya kufunika uso ni jibu la swali moja: tufungue kiasi gani?

Mafundi wa Ulaya walijibu kwa njia nyingi. Wengine walifanya ufa mwembamba. Wengine waliusogeza mbele ya uso, wakaunda kifuniko chenye mdomo uliochongoka kama pua ya mnyama, ili silaha ikigonga iteleze pembeni na ikiingia isifike mbali. Walikunja kingo za ufa kuelekea nje ili ncha isipate mahali pa kushika. Jibu lililonishangaza zaidi ni la wale waliogombana kwa mikuki juu ya farasi katika karne ya 15, hasa Ujerumani. Kofia yao ilifungwa imara kwenye vazi la kifua, na ufa wa kuonea ulikuwa juu, umeelekea mbinguni mtu akikaa wima. Mpanda farasi aliinama mbele ili amwone mpinzani wake akija. Muda mfupi kabla ya mikuki kugongana alijiinua, na kutoka hapo hakuona kitu. Alichagua kuwa kipofu kwa nukta chache ili asiwe kipofu maisha yake yote.

Siyo wote waliokuwa waangalifu kiasi hicho. Tarehe 30 Juni 1559 Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alishiriki mashindano ya mikuki mjini Paris, katika sherehe za amani na za harusi za jamaa zake. Mkuki wa Gabriel de Montgomery ulivunjika, na vibanzi vya mti vikapenya kwenye kifuniko cha uso na kuingia juu ya jicho. Mfalme alitibiwa na matabibu mashuhuri kabisa wa wakati ule, Ambroise Paré na Andreas Vesalius, lakini akafa tarehe 10 Julai. Huyu alikuwa mtu aliyeweza kulipia mafundi bora kuliko wote. Tena hakuuawa vitani. Aliuawa katika mchezo, na kitu kilichopenya hakikuwa ncha ya mkuki bali kipande chake. Funzo ninalolipata hapa ni kwamba kinga haipimwi kwa silaha kama ilivyopangwa kutumika. Inapimwa kwa kila kitu ambacho silaha hiyo inaweza kugeuka kuwa.

Leo wapo watu wengi, hasa Marekani na Ulaya, wanaopigana kwa mtindo wa Zama za Kati kama mchezo, na wengi wao hutengeneza kofia zao kwa mikono. Chama kinachojulikana sana ni Society for Creative Anachronism, kilichoanza Berkeley, California, mwaka 1966. Wanachama wake hupigana kwa panga za henzirani. Kanuni zao zinataka kofia itengenezwe kwa chuma chenye unene usiopungua milimita 1.6. Kuhusu uso, kanuni ni fupi: mwanya wowote usiruhusu kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha inchi moja, yaani takriban milimita 25, kuingia. Panga zao za henzirani ni nene kuliko hapo. Penye mishale, mianya huongezewa wavu wenye matundu madogo zaidi. Wakaguzi huikagua kofia kabla ya mtu kuingia uwanjani.

Niliposoma kanuni hiyo nilikumbuka swali la mzee wa Katwe, kwa sababu ni swali lile lile. Mimi nilikuwa nimeupima mwanya kutoka ndani: mvaaji anataka kuona nini, na watazamaji wanataka kuona nini ndani yake? Kanuni inaupima kutoka nje: ni kitu gani kinaweza kuingia? Tofauti hii inaonekana ni ya kiufundi, lakini naamini ni ya kimaadili. Anayepima kutoka ndani anaanza na matakwa ya watu. Anayepima kutoka nje anaanza na madhara yanayoweza kumpata mtu. Mwanya wangu wa sentimita 3 ulikidhi matakwa ya kila mmoja wetu, na fimbo ya sentimita 2 ilipita ndani yake ikiwa na nafasi ya ziada.

Wapo pia wanaopigana kwa silaha halisi za chuma zilizoondolewa makali. Baadhi yao hukataza kabisa kuchoma kwa ncha. Kwa hiyo kuna njia mbili za kulilinda jicho: kukipanga kitu, na kuupanga mwenendo. Sisi tulitegemea mwenendo peke yake. Tulisema kila pigo limepangwa. Lakini mwenendo hutegemea sakafu isiyoteleza na mtu asiyechoka, na mazoezi ya saa mbili usiku hayana hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa nije kwenye hoja ya kwanza ya kumtetea mtengenezaji, ambayo ni hoja ya ridhaa. Rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyeniambia hospitalini: "Mimi ndiye niliyetaka mwanya mkubwa." Alisema kweli. John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru kilichochapishwa mwaka 1859, alidai kwamba jamii haina haki ya kumzuia mtu mzima asifanye jambo kwa sababu tu jambo hilo litamdhuru mwenyewe. Tukimfuata Mill, rafiki yangu alikuwa na haki ya kulihatarisha jicho lake. Nani basi wa kunilaumu mimi?

Nina majibu mawili. Jibu la kwanza ni kwamba ridhaa inahitaji ujuzi. Rafiki yangu alikubali mwanya wa sentimita 3. Hakukubali fimbo ya sentimita 2 kupita katika mwanya wa sentimita 3, kwa sababu hakuwahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja akilini mwake. Kwake mwanya ulikuwa dirisha. Mimi ndiye niliyekuwa na vipimo vyote viwili: kimoja nilikichora kwenye karatasi, kingine kilikuwa chini ya kitanda changu. Mtengenezaji karibu siku zote anajua, au anaweza kujua, jambo ambalo mvaaji hawezi kuliona. Nadhani ndiyo sababu sheria za kale za Hammurabi wa Babeli zilimwadhibu mjenzi ambaye nyumba yake ilianguka na kumwua mwenyewe. Adhabu yenyewe ilikuwa kifo, na siitetei. Lakini waliotunga sheria ile walielewa kwamba mwenye nyumba hawezi kuona yaliyomo ndani ya ukuta.

Jibu la pili ni kwamba hoja ya Mill inamzuia mwenye nguvu asimkataze mtu. Haimlazimishi fundi kutengeneza kitu kibovu kwa sababu mteja amekitaka. Uhuru wa rafiki yangu wa kujihatarisha haukunipa mimi ruhusa ya kumtengenezea hatari. Ningeweza kusema: "Ukitaka mwanya huo, sitauchora." Hapo uhuru wake ungebaki mzima, na wangu pia.

Nikiangalia nyuma naona kwamba ridhaa ilitumika katika safari nzima ya kofia ile kama njia ya kupokezana mzigo. Mzee wa Katwe alikuwa na shaka, lakini akasema kazi ni yangu kwa kuwa ninalipa. Mimi nilipewa sababu ya kuwa na shaka, lakini nikasema rafiki yangu ndiye aliyetaka. Rafiki yangu hakuwa na shaka kwa sababu aliamini kwamba sisi wawili tungesema kama pangekuwa na tatizo. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na hakuna aliyeutazama mwanya. Simlaumu mzee, yeye angalau aliuliza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba kinga ikizidi huleta hatari nyingine. Mpiganaji asiyeona vizuri humkanyaga mwenzake, hupiga pasipopangwa, huanguka. Ukiweka plastiki angavu ya polikaboneti mbele ya macho, pumzi huifunika kwa ukungu, na jasho na mikwaruzo humaliza kazi. Tena mtu anayejiona salama hupiga kwa nguvu zaidi kuliko anayejua kwamba anaweza kuumia. Kwa mujibu wa hoja hii, kuulaumu mwanya mpana ni kusahau kwamba mwembamba nao una majeruhi wake.

Ninakubali kila sehemu ya hoja hii isipokuwa hitimisho lake. Ni kweli kwamba kuona ni sehemu ya usalama. Lakini hoja inachukulia kwamba kuna njia moja tu ya kuona, yaani kupanua mwanya, na kwamba kila tunachokiongeza kwenye kinga lazima tukipunguze kwenye macho. Sivyo. Chukua chujio la chai, ulishike mbali nawe kwa urefu wa mkono: utauona wavu, na kilicho nyuma yake hutakiona vizuri. Lisogeze karibu na uso: wavu unafifia, na chumba kizima kinaonekana. Mianya mingi midogo iliyo karibu na jicho huonyesha mengi na kupitisha machache. Kofia za mchezo wa upanga wa Olimpiki hufuata njia hii: wavu wa waya wenye kipenyo kisichopungua milimita 1, na matundu yasiyozidi milimita 2.1. Mchezaji huona mbele na pembeni, na kwa kawaida ncha haipiti.

Mzee wa Katwe alinionyesha hayo kwa mikono yake niliporudi kwake baada ya ajali. Alitengeneza kofia ya pili bila kunidai pesa ya kazi, nikalipia bati tu. Mwanya ulikuwa na kimo cha sentimita 1.2. Aliusogeza mbele, ukawa mbali na jicho kwa upana wa vidole vitatu, ili kitu kikiingia kidogo kisifike. Alikunja kingo nje na kuzilainisha kwa tupa, kwa sababu katika kofia ya kwanza ukingo mkali ndio uliochana nyusi. Nyuma ya mwanya alifunga kwa ribiti kipande cha bati lenye matundu madogo. Mwisho alishona sponji ndani na mkanda wa kidevuni, akanieleza kwamba kofia inayocheza kichwani haina kipimo: mwanya unahama, na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Niliivaa, nikaona ukuta, nikaona mzee, nikaiona bodaboda iliyopita barabarani. Kazi nzima ilimchukua siku mbili zaidi kuliko ya kwanza. Mara nyingi, tunaposema hatuwezi kupata usalama na uwezo wa kuona kwa pamoja, maana yake ni kwamba hatukutaka kuzitoa siku hizo mbili.

Limebaki jambo moja ambalo sikulifikiria mpaka niliposoma habari za Vladimir Smirnov. Alikuwa mchezaji wa upanga wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1980 mjini Moscow. Mwezi Julai mwaka 1982, katika mashindano ya dunia mjini Roma, upanga wa mpinzani wake Mjerumani Matthias Behr ulivunjika katikati ya shambulio. Kipande kilichobaki kilipenya wavu wa kofia, kikaingia katika tundu la jicho hadi kwenye ubongo. Smirnov alifariki siku chache baadaye. Baada ya hapo viwango vya kofia viliongezwa, na panga zikaanza kutengenezwa kwa chuma kisichovunjika kirahisi. Behr hakuwa na kosa. Hakuvunja kanuni yoyote. Aliendelea kushindana, lakini baadaye alieleza hadharani jinsi tukio lile lilivyomwandama kwa miaka mingi.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake. Tutamwambia dereva kwamba hana hatia, na ni kweli. Lakini majuto yake si sawa na ya mtu aliyesimama kando ya barabara akitazama, na kama angeyatupa upesi mno tungemshangaa. Hii ina maana kwamba mtu anaweza kubeba kitu kizito ambacho hakustahili kukibeba.

Ndipo nikamkumbuka yule aliyeigiza Macbeth. Sote tulikwenda hospitali kumwona Macduff. Tulimpelekea matunda, tulimchangia pesa za dawa. Aliyeshika fimbo hakuna aliyemwendea. Alijitoa katika kikundi wiki ile ile, nasi tukasema ana mitihani. Alikuwa amechoma pale alipoambiwa achome, kwa fimbo aliyopewa, kuelekea bega aliloonyeshwa. Mwanya wangu ndio uliomgeuza kuwa mtu aliyemtoboa mwenzake karibu na jicho. Nilipochora kofia ile nilidhani ninafanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja, aliye ndani. Kumbe wa nje naye alihitaji kulindwa. Chuma kizuri kingempa Macduff jicho zima, na Macbeth usingizi.

Hoja hii inaidhoofisha zaidi hoja ya ridhaa. Hata kama mvaaji angejua kila kipimo na kukubali kulihatarisha jicho lake, hawezi kukubali kwa niaba ya mpinzani wake. Hakuna aliyemuuliza Macbeth kama anaridhia kuwa mtu atakayelipofua jicho la rafiki yake.

Nirudi sasa kwenye msemo wa wahenga. Siamini kwamba wahenga walikosea. Zipo ajali ambazo hakuna aliyeweza kuziona zikija, na msemo ule huwafariji waliopatwa nazo. Behr alistahili kuambiwa maneno hayo, na huenda waliotengeneza kofia ya Smirnov pia, kama walifuata ujuzi wote wa siku zao. Lakini kanuni ya kijiti cha inchi moja haikushuka kutoka mbinguni. Kanuni za namna hiyo hutokana na watu waliokwisha kujua mbao na vyuma vinaweza kufanya nini kwa jicho. Ajali ya kwanza huenda haina kinga. Ya pili ina mwenyewe. Ajali yetu haikuwa ya kwanza. Mfalme alikwisha kufa kwayo mwaka 1559, na mzee wa Katwe, ambaye huenda hajawahi kumsikia mfalme huyo, alikwisha kuniuliza swali lililotosha kuizuia. Nikisema ajali haina kinga baada ya kuulizwa swali lile, ninawasingizia wahenga.

Mwezi uliopita nilimtafuta aliyeigiza Macbeth. Nilimkuta nje ya maktaba. Nikamwambia: "Ndugu yangu, ule mwanya niliupima mimi. Fundi aliniuliza unene wa fimbo, nikamcheka. Wewe hukukosea. Nakuomba radhi." Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza fimbo ilikuwa na unene gani hasa, na mwanya je. Nikamtajia vipimo vyote viwili. Alivirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayehakikisha hesabu, halafu akaniambia kwamba muda wote ule alidhani alikuwa amechoma kwa nguvu mno.